Kikundi cha Majirani, Tudor, Mombasa: Shawa ya Mama Swaleh

Jumatatu

Mama Swaleh: Asalaam aleikum majirani. Nani ana fundi wa stima wa kuaminika? Shawa yangu ya moto yanipiga. Nikishika mfereji nasikia mtetemo mpaka kiwikoni.

Zuhura (ghorofa ya 1): Aleikum salaam. Pole shoga. Si uoge na ndara 😂

Mama Swaleh: Ndara ninazo. Swaleh ndiye huingia miguu mitupu, na ndiyo khofu yangu.

Omari wa Juu: Kuna kijana mmoja hukaa pale steji na begi lake la spana. Alinifungia feni kwa mia tano tu. Nitume namba?

Ami Bakari: Omari, feni si shawa. Mama Swaleh, usiiguse tena hiyo shawa. Izime kwa swichi ya nje ya bafu, kisha uteremshe na breka yake kwenye bodi. Halafu niambie: yakupiga kila siku, ama siku nyingine tu?

Mama Swaleh: Nishazima Ami. Si kila siku. Juzi maji ya bomba yalipokuja nilioga raha mustarehe. Jana keateka alipovuta maji ya kisima ndipo ikanikamata.

Ami Bakari: Basi hapo pana neno. Kisima chetu kina chumvi, nyote mwajua, hata chai haiwi. Hizi shawa nyingi koili yake iko wazi, yakaa ndani ya maji yenyewe. Maji matamu hupitisha stima kidogo sana. Maji ya chumvi huipitisha vizuri, ikateremka nayo. Kuna shawa za maji ya chumvi, koili imefunikwa, na kwenye boksi huwa imeandikwa. Ukanda huu wa pwani ndizo za kununua.

Ami Bakari: Lakini shawa ni nusu ya habari. Stima ikivuja yatakiwa ipite kwenye waya wa erthi, si kwenye mkono wako. Kama yapita kwako, erthi haipo ama imekatika.

Zuhura: Msikizeni Ami, amekula miaka na stima za kreni bandarini.

Omari wa Juu: Sasa si ni waya wa kijani tu wa kuunganisha? Kijana wa steji hawezi?

Ami Bakari: Huenda aweza. Mwambie akuonyeshe leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya kawi.

Baba Mwakio: Ami, leseni kwa shawa moja? Aliyenipigia waya nyumba ya Voi hakuwa na karatasi yoyote na taa zawaka mpaka leo.

Ami Bakari: Taa huwaka bila erthi, Baba Mwakio. Friji yagandisha, TV yaonyesha, kila kitu sawa. Ubaya wa erthi ni huo, ikikosekana hakuna kinachokulalamikia mpaka siku kitu kivuje. Nyumba ya Voi ishapimwa?

Baba Mwakio: 🤐

Ami Bakari: Nami sisemi karatasi ni kila kitu. Nshaona wenye leseni wakifanya kazi ya aibu. Ila mwenye leseni akikuharibia una jina, una namba, una mahali pa kwenda kumshtaki. Wa steji akibadilisha laini ya simu mumeachana.

Salma: Ami, naona kwenye tovuti ya EPRA kuna orodha ya mafundi. Sasa hizi C1 na C2 ni nini?

Ami Bakari: Ahsante binti yangu. C2 ni wa fezi moja, majumba ya watu wa kawaida kama sisi. C1 afika fezi tatu. Juu yao kuna B na A, hao ni mambo makubwa, hatuwahitaji. Tazama na tarehe ya kuisha, wengine hutembea na kadi iliyokufa.

Omari wa Juu: Ujumbe huu ulifutwa.

Zuhura: Nimeuona Omari 😂 Ami si mzee wa mambo ya zamani, muombe radhi.

Jumanne

Mama Swaleh: Nimepata wawili. Wa kwanza kataja 1,500 papo hapo kwenye simu, na shawa mpya atakuja nayo. Wa pili kakataa kutaja bei. Ataka aje aone, mia tano ya kuja, na nikimpa kazi ataikata humo humo.

Omari wa Juu: 1,500 pamoja na shawa, wataka nini tena?

Mama Achieng: Shawa ya bei hiyo imetoka wapi lakini 🙄

Ami Bakari: Mwite wa pili. Akija, tazama atoa nini kwenye begi. Tesa ya bisibisi peke yake yakwambia waya una stima, basi. Kama erthi yafanya kazi ama haifanyi, haijui. Awe na mita ya kupimia.

Jumatano

Mama Swaleh: Fundi yuko hapa. C1, jina lake liko kwenye orodha, Salma kahakikisha.

Mama Swaleh: [Picha]

Mama Swaleh: Huo ni ndani ya bodi yangu. Muwaona ule waya wa kijani na manjano kule nyuma? Ulikatwa, ukafungwa tepu nyeusi, ukasukumwa kando. Kabandua tepu, shaba yote ishafanya kutu ya kijani, kaigusa kwa plaisi ikamumunyuka. Asema hewa ya chumvi hapa kwetu haitaki kiungo kisichokazwa.

Zuhura: Yaa Rabbi.

Mama Swaleh: Na waya wa shawa ni wa unene wa 2.5 (milimita mraba), umeungwa kutoka soketi ya jikoni. Breka yake ampia 32.

Zuhura: Hiyo 32 ni mbaya? Nami yangu ni 32. Ilikuwa ikijizima kila nikioga, ndipo fundi akaniwekea kubwa.

Ami Bakari: Zuhura, shawa yako yaandika wati ngapi?

Zuhura: Ngoja... 5500W.

Ami Bakari: Gawa kwa volti 240. Yaja karibu ampia 23. Kama wako ni sawa na wa Mama Swaleh, waya wa 2.5 uliofukiwa ukutani ndani ya paipu, kwa joto letu hili, na bado wavuta friji na birika, ushazidiwa. Breka ndogo ilikuwa ikijizima ili waya usiungue. Huyo hakukutengenezea kitu, amemfukuza mlinzi akamwacha mwizi ndani. Ukuta wa karibu na bodi ukiushika wapata joto?

Zuhura: Nikidhani ni jua 😳

Ami Bakari: Izime.

Mama Swaleh: Fundi naye asema ndivyo. Waya wa 6, laini yake peke yake kutoka kwa bodi mpaka bafuni, hapana kuunga njiani. Na breka ile ya kukata stima ikivuja, ya miliampia 30, ina kidude cha kubonyeza kimeandikwa T. Ufundi 4,500. Vifaa ameniandikia ninunue mwenyewe, nusu ya pesa nitoe akianza, nusu nikishaona mita ikisoma.

Omari wa Juu: 4,500 ya ufundi? Hiyo pesa mingi jamani.

Mama Swaleh: Omari mdogo wangu, wewe hukushika ule mfereji.

Mama Achieng: Mtu anakubali kulipwa nusu baada ya kupimwa kazi yake, huyo hana wasiwasi. Mimi ningemchukua.

Ami Bakari: Mwambie waya apime kabla ya kukata, na ile ya zamani aitoe kabisa kwenye soketi, asiiache inaning'inia. Akimaliza bonyeza hiyo T mbele yake. Isipokata, hujamaliza naye.

Mama Swaleh: Sawa Ami. Kuna jengine lakini. Ameshuka chini kwenye mita kutafuta erthi yaenda wapi. Ule msumari wa ardhini klipu yake imeliwa na kutu yote, waya uko hewani. Asema hata akiunga kwangu kazi ni bure, maana huo ni wa jumba zima.

Omari wa Juu: Jumba zima vipi?

Mama Swaleh: Zima, Omari. Na kwako.

Omari wa Juu: ...nitumie namba yake.

Zuhura: 😂😂😂 wa steji je?

Salma: Tuwapigie Kenya Power kwa 97771?

Ami Bakari: Hao wao ni mpaka kwenye mita. Kutoka mita kuja ndani ni mwenye nyumba.

Baba Mwakio: Nimeongea na ajenti sasa hivi. Ati msumari mwenye nyumba atalipa, ya ndani kila mpangaji ajitegemee.

Mama Achieng: Hapana. Shawa ni yangu, hiyo nalipa. Waya wa ukutani nitauchomoa nikihama?

Baba Mwakio: Ndivyo nilivyomjibu, neno kwa neno. Nimemtumia na picha ya Mama Swaleh. Amenyamaza.

Ami Bakari: Msigombane kwa simu. Muandikieni barua moja, sahihi zetu zote, na fundi aandike alichokiona na namba ya leseni yake chini. Nyumba ikiungua bima itauliza hiyo karatasi.

Alhamisi

Baba Mwakio: Barua imefanya kazi. Msumari, waya wa erthi mpaka kila bodi, na laini za shawa: mwenye nyumba, kwa risiti. Shawa na breka ya T: sisi. Jumamosi saa tatu asubuhi stima yazimwa jumba zima mpaka adhuhuri.

Omari wa Juu: Mimi niwekeni wa kwanza tafadhali.

Zuhura: Wa kwanza ni mwenye ukuta wa moto, ngoja zamu yako. Ila saa tatu mwaniua. Friza yangu imejaa aiskrimu za ubuyu za watoto wa madrasa. Nani ana boksi la barafu?

Mama Achieng: Niko na boksi la samaki la baba watoto. Limeoshwa. Tuma mtoto.