Mamba sikumtazama

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Ngamiani*

Zuu: Shangazi shikamoo. Jana mlikesha na muvi gani? Mama kaamka macho mekundu.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mohenjo Daro, ile ya Kihindi ya Hrithik Roshan ya 2016.

Mjomba Hamza: Si ndiyo ile iliyododa? Ilitoka siku moja na Rustom ya Akshay Kumar, Akshay akaondoka na watu wote.

Shangazi: Hasara yao waliotoa mapesa. Mie nimetoa bando tu.

Mjomba Hamza: Haina kichwa wala miguu! Mkulima wa Amri kaenda mjini kuuza rangi ya nili, kufika tu kampenda binti wa kuhani. Mara katiwa uwanjani apigane na majitu mawili yanayokula watu. Na lile bwawa ukiliona tu unajua litapasuka.

Shangazi: Nani alikuwa na habari na bwawa? Pale mwanzo anapopambana na mamba, kaloa chapachapa, na yale macho yake ya kijani… Nimerudisha nyuma mpaka Mama Zuu kanipokonya rimoti.

Mama Zuu: Nilikupokonya nirudishe vizuri, wewe ulikuwa unapitiliza 😂

Zuu: Lakini mamba mwenyewe wa kompyuta, anaonekana kabisa!

Shangazi: Mamba sikumtazama.

Mjomba Hamza: Na aliyeiongoza ndiye yule wa Lagaan, iliyofika mpaka kuteuliwa Oscar. Ndiyo inayoniuma. Sisi sinema ya Majestic tulikwenda kwa ajili ya hadithi.

Mama Zuu: Hadithi ipi, kaka? Picha ya Hema Malini ilibandikwa kwenye kabati la nani?

Mjomba Hamza: Ah, Sholay ilikuwa na hadithi.

Mama Zuu: Ilikuwa nayo. Ila wewe ukirudi nyumbani ulitusimulia kipande kimoja tu, Basanti, huyohuyo Hema Malini, anacheza pekupeku juu ya vigae vya chupa.

Mjomba Hamza: Nina wateja hapa, nitarudi.

Zuu: 😂😂😂 Mjomba kakimbia

Shangazi: Stelingi wetu Hrithik ana gumba mbili mkono wa kulia, mnajua? Mwingine angeonekana ana kasoro. Yeye nimeona kaongezewa.

Zuu: Bibi yuko hapa pembeni, nimemsomea yote. Anauliza huyo kijana ana mke?

Shangazi: Waliachana 2014, mwambie.

Zuu: Anasema akija Tanga, waja leo huyu haondoki leo 🙈

Mama Zuu: Mama jamani!

Shangazi: Basi leo tunaweka Dhoom 2. Ile anaiba na kucheza humohumo. Zuu pitia bajia njiani.

Zuu: Sawa. Ila LUKU imebaki uniti mbili, muvi yenu ya jana ilikuwa saa mbili na nusu. Nani ananunua umeme?

Mjomba Hamza: Waliomtazama ndio walipe.

Shangazi: Wateja wameshaondoka? Tuma elfu tano, na sisi tutakuwekea Sholay kesho.

Mjomba Hamza: Nipe namba ya mita.