Nibadilishe API bila kuua apu za zamani, nyie mnafanyaje?

Muuliza: Wakuu habari zenu. Nina API (mlango ambao programu nyingine zinapitia kuongea na seva yangu) ya oda za jumla, inatumiwa na apu ya Android ya wenye maduka, na kuna wateja wawili wameiunganisha na mifumo yao. Juzi fildi ya "bei" iliyokuwa namba tupu, 12000, nikaigeuza iwe objekti yenye kiasi na sarafu maana tumeanza kupata maduka ya Kenya, nimepandisha jioni, asubuhi simu zinaita tu, apu inajizima kwa kila ambaye hajaapdeti, na wengi hawaapdeti, bando hakuna na simu zimejaa. Nimerudisha ya zamani lakini sarafu naihitaji kweli. Niweke /v2, yaani vesheni ya pili, kwenye URL au nitumie heda (maelezo yanayoambatana na ombi)? Na v1, hii ya zamani, niiue lini?

Jibu 1: Pole sana mkuu. Mbona v2 hata huihitaji hapo. Kuongeza fildi kwa kawaida hakuvunji kitu, kinachovunja ni kufuta, kubadili jina au kubadili aina. Iache "bei" ibaki namba, weka "sarafu" pembeni, apu ya zamani itaipita tu. Ila wale wawili waulize kwanza kama kodi (code) yao haikatai fildi isiyoijua.

Jibu 2: Hapana, hapo kuna hatari. Apu ya zamani ikipokea 500 ya Kenya itaionyesha kama 500 ya Tanzania, haizimi, inadanganya, na hiyo ni mbaya kuliko kuzima kabisa. v1 irudishe bidhaa za shilingi ya Tanzania tu, Kenya iende v2. Mi ningeweka kwenye URL, ukifungua logi (rekodi za maombi kwenye seva) unaona nani anatumia nini. GitHub, wale wa kuhifadhi kodi, wanatumia heda yenye tarehe, mfano 2022-11-28, na Stripe, wa malipo ya mtandaoni, nao wanaifunga akaunti kwenye vesheni yake, kodi ya ndani inabaki moja, mpya, halafu jibu linageuzwa kurudi umbo la zamani kabla halijatoka. Hilo la kugeuza liige, usije ukakopi kontrola (kodi inayopokea maombi) zote mara mbili.

Jibu 3: Kuua v1 usipange kwa kalenda peke yake, angalia logi. Tangaza tarehe, iweke na kwenye heda ya Sunset, inayotaja siku ya kuzimwa (kiwango chake ni RFC 8594), halafu karibu na siku yenyewe izime saa chache uirudishe. GitHub walifanya hivyo 2020 kabla ya kuondoa paswedi kwenye API yao, waliokuwa hawasomi barua pepe wakashtuka mapema. Ukishaizima moja kwa moja rudisha 410 (imeondolewa), sio 404 (haipatikani).

Muuliza: Asanteni sana, hilo la 500 sikuliwaza kabisa. Nimecheki logi sasa hivi, apu haitumi hata namba ya vesheni yake, kwa hiyo naanza na hapo.