Grili ya oveni inazima katikati ya kuchoma samaki: ni koili au thamostati?

Changu_Mzima:
Habari wakuu. Jiko ni la gesi tatu na pleti moja ya umeme, oveni yake ya umeme, 60 kwa 60. Nachoma changu wa kupaka, grili nimeweka 180, mlango umefungwa. Dakika kama nane za mwanzo koili ni nyekundu kabisa, halafu inakuwa nyeusi, inakaa hivyo dakika mbili tatu, ndipo inawaka tena. Samaki anaishia kuchemka kwenye maji yake: ngozi rojorojo, tui limekatika. Fundi wa mtaani anasema koili imekufa, ibadilishwe. Kabla sijatoa hela, nianzie kukagua wapi?

Waya_Mwekundu:
Usinunue koili bado. Koili iliyokatika haifufuki baada ya dakika mbili. Hapo inayokata ni thamostati, na inafanya kazi yake: umeiambia 180, hewa ndani ikifika 180 inakata umeme. Haijui kama samaki ameiva au la.

Uhakika utaupata kwenye ile taa ndogo ya rangi ya chungwa, inayowaka oveni inapopasha. Koili ikiwa nyeusi, itazame. Imezima pamoja na koili? Ni thamostati, hakuna kilichoharibika. Taa inawaka lakini koili ni nyeusi? Hapo sasa kuna tatizo la kweli, na mara nyingi si koili yenyewe bali kiungo cha waya nyuma yake: klipu imelegea, ikipata moto inatanuka na kuachia.

Dawa ya hali ya kwanza ni kupeleka thamostati mwisho, 250. Grili inachoma kwa mnururisho, yaani joto linalotoka moja kwa moja kwenye koili nyekundu, haitegemei sana joto la hewa. Kama kitabu cha jiko lako kinaruhusu, acha mlango wazi kidogo, upana wa vidole vinne hivi. Joto linatoka, thamostati inachelewa kukata. Lakini aina nyingine zinataka mlango ufungwe, na ukiuacha wazi vinobu vya mbele vinayeyuka. Fuata kitabu.

Jingine linalochanganya watu: oveni nyingi zina koili mbili juu, ya ndani ya grili na ya nje ya joto la juu. Ukichagua grili ndogo, ya nje kubaki nyeusi ni kawaida.

Jiko_la_Pwani:
Naongezea upande wa mapishi, maana hata grili nzima inaweza kukuchemshia samaki.

Washa grili dakika 7 hadi 10 kabla ya kuingiza chochote. Samaki mfute maji mpaka mkono ukipita juu ya ngozi usinate; maji yale lazima yageuke mvuke kwanza, na mvuke hauchomi. Mlaze juu ya wavu, si kwenye trei bapa, ngozi iwe sentimita 10 hadi 12 kutoka kwenye koili. Changu wa nusu kilo, mchanje mara tatu kila upande, mpe dakika 8 hivi upande wa kwanza, mgeuze, 6 wa pili. Tui zito ulipikie kando mpaka lishike mgongo wa kijiko, ndipo upake, na hapo ni dakika 2 au 3 tu, macho yakiwa kwenye oveni. Tui jepesi likiwekwa toka mwanzo litakatika hata kwa mkaa.

Trei ya chini weka maji kikombe kimoja, mafuta yanayodondoka yasiungue. Usitandaze foili wavu mzima, mafuta yatatuama juu na kushika moto. Karatasi ya kuokea na bakuli la kioo havikai chini ya grili, kabisa.

Mtungi_Mdogo:
Na grili ya gesi? Yangu inawaka, nikiachia kinobu inazima.

Waya_Mwekundu:
Themokapo, ile ncha ndogo ya chuma kando ya moto inayohisi joto na kuruhusu gesi iendelee kupita. Bonyeza kinobu ukishikilie sekunde 15 baada ya moto kushika. Ikizima bado, funga mtungi, subiri bana (kichwa cha moto) ipoe, usugue ncha ya themokapo kwa msasa laini na uhakikishe moto unaigusa. Ikigoma, badilisha themokapo. Na grili ya gesi nyingi zinatumika mlango ukiwa wazi, lile bati la kukinga vinobu likiwa limevutwa nje. Ukifunga, moto unakosa hewa.

Changu_Mzima:
Taa inazima pamoja na koili, kwa hiyo thamostati. Nimeweka 250, wekundu sasa unakaa. Lakini jioni koili inakuwa ya kahawia tu, na plagi inachemka mkononi. Wakati huo pleti ya umeme inachemsha wali.

Waya_Mwekundu:
Mambo mawili tofauti hayo. Kahawia ya jioni ni umeme mdogo. Koili ya wati 2000 kwa volti 230, ikipata volti 190 inatoa wati 1,365 hivi, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Songeza wavu karibu kwa sentimita 2 na uongeze dakika, au choma mchana.

Plagi ndiyo ya haraka. Ya pini tatu ni ya ampea 13, karibu wati 2,990 kwa volti 230. Pleti ya 1500 na grili ya 2000 ni 3500. Usiviwashe pamoja, wali uende kwenye gesi. Chomoa, fungua plagi, kaza skrubu zote tatu. Waya ukiwa umeungua rangi, kata kipande hicho na umenye upya. Usitumie ekstensheni. Ukitaka kuwasha vyote, fundi aliyesajiliwa akuwekee laini ya jiko peke yake, waya wa milimita 6 mraba na breka ya ampea 32.

Siku ukimwita, apime na koili: zima umeme kwenye swichi kuu, toa waya zote mbili za koili, mita isome karibu omu 26 kwa ya wati 2000, 35 kwa ya 1500. Isiposoma kitu, imekatika. Kati ya ncha ya koili na bodi la jiko, yaani bati lake, isisome chochote. Ikisoma, na breka huwa inaruka ukiwasha grili, unyevu umeingia ndani ya koili, jambo la kawaida mijini pwani kwa grili iliyokaa miezi bila kutumika. Waya za grili zikiwa zimetolewa na kuzibwa vizuri, pasha oveni kwa koili ya chini 150 kwa saa moja, kisha apime tena. Ikiendelea kuvujisha umeme, hapo ndipo koili inabadilishwa. Na asije akakata waya wa ethi ili breka isiruke.