Mashua ya mbao ya mita 8: kipi kitangulie, GPS, redio au mashine ya kuona samaki?

Mvuvi wa Kigombe

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mvuvi wa mishipi, Kigombe, Tanga. Nina mashua ya mbao ya mita 8, injini ya farasi 15 ya kuvuta kamba, na tunakwenda watu wanne. Tunatoka saa 9 usiku, tunavua ukingoni mwa Mkondo wa Pemba, pale mwamba unapokatika. Chewa na changu wapo pima 30 hadi 60.

Mpaka leo natumia dira na alama za nchi kavu alizonifundisha baba: mnazi ule ukae juu ya kilima kile, hapo tia nanga. Mvua ikifunga, alama zinapotea. Mwezi uliopita tulizunguka asubuhi nzima tukakosa mwamba, mafuta yakaisha nusu.

Nina akiba ya shilingi 1,900,000. Dukani nimeonyeshwa mashine ya kuona samaki yenye kioo cha inchi 9, ina ramani na kila kitu, lakini hiyo inanitaka nikope juu yake. Muuzaji amesema jicho lake, kile kifaa kinachotuma mlio majini, nalibandika ndani ya mashua bila kutoboa. Je, ni kweli? Na kwa pesa hii mngeanza na nini?

Nahodha wa Mafia

Waalaikumu salaam mdogo wangu. Kioo cha inchi 9 kiache dukani. Nakwambia nikiwa na miaka 22 baharini, na vyombo hivi nimevinunua kwa jasho langu, vingine mara mbili.

Nianze na jicho, maana hapo utatupa pesa. Kubandika ndani kunafaa kwenye boti ya faiba iliyo nzima, isiyo na povu wala hewa katikati. Mbao inakula sauti. Mashine inatuma mlio chini na kusubiri urudi, na mlio huo haupiti vizuri kwenye ubao, wala kwenye viungo vilivyotiwa kalafati. Ukiamua kutoboa, lazima jicho liwe la shaba nyeusi. La plastiki usilitie kabisa kwenye mashua ya mbao: ubao ukinywa maji unavimba, unalibana, linapasuka, na tundu liko chini ya maji.

Mimi sikutoboa. Nilichonga mti wa mkoko, nikafunga jicho ncha ya chini, nao nikaufunga ubavuni karibu na tezi (nyuma ya mashua), mbali na panga la injini. Tukifika nauteremsha, jicho linazama kama shubiri mbili na kutazama chini wima. Tukiondoka naupandisha. Ukiuacha mashua ikikimbia, mapovu yanapita chini ya jicho na kioo kinajaa takataka tupu.

Kuhusu kina: pima 60 ni kama mita 110. Hapo huhitaji mashine kubwa, ila iwe na masafa mawili ya mlio. Ya juu, kilohezi 200, inaonyesha vizuri samaki aliyelala karibu na mwamba; ya chini, 77 au 83 au 50, inafika mbali zaidi na kutazama eneo pana. Lakini upana nao una hasara. Jicho la nyuzi 20 kwenye mita 100 linatazama duara la mita 35 hivi, kwa hiyo chewa unayemwona si lazima awe chini ya mguu wako. Nilikuwa namlaumu mshipi, kumbe mashua ilikuwa imemtupa samaki pembeni. Na pale mwamba unapokatika, ukitumia masafa ya chini utaona ukingo kama mteremko laini, kwa sababu mashine inapokea juu na chini ya genge kwa pamoja. Rudi kwenye 200.

Tafuta kioo kidogo, inchi 4 au 5, chenye GPS ndani hata kama hakina ramani. Mwamba wa baba yako uuwekee alama mara moja, siku ya jua, ukiwa juu yake kwa mnazi na kilima. Baada ya hapo mvua inyeshe. Alama zile zile ziandike pia kwenye daftari, tarakimu zote, maana chombo kikifa kinakufa nazo.

Pesa itakayobaki nunua redio ya VHF ya mkononi, wati 5, isiyoingia maji na inayoelea. Hapa nakusihi. Julai moja, kusi limekaza, injini ilinifia nje ya Mafia saa 10 jioni. Mkondo wa bahari pale wakati wa kusi unakwenda kaskazini bila huruma, na nanga haikushika kwa kina. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, ikaingia maji. Niliita chaneli 16, ile ya dharura, kila baada ya robo saa mpaka saa 5 usiku, boti ya mizigo ikaitika. Nikamsomea tarakimu za GPS, akaja moja kwa moja. Ningemwambia tu «niko mashariki ya Mafia», angenitafuta wapi usiku ule? Vijana watatu walikuwa wamelala miguuni pangu, mmoja ni mtoto wa dada yangu.

Wa Shimoni

Nahodha, shikamoo. Mimi niko upande wa Kenya, Mkondo huo huo wa Pemba. Miaka miwili nimetumia simu peke yake. GPS ya simu haihitaji mtandao, ukishapakua ramani mapema inatosha. Kwa nini ndugu asianzie hapo, pesa aweke kwenye redio ya kufungwa ya wati 25?

Nahodha wa Mafia

Marahaba. Simu abebe, iwe ya akiba. Lakini kioo cha simu hakisikii kidole chenye maji na mate ya samaki, na jua la saa 6 linaizima kwa joto. Tena haimwambii kina.

Kuhusu wati umesema jambo, ila redio hizi zinaonana kama macho, kwa hiyo urefu wa antena unashinda nguvu. Wawili wenye redio za mkononi, kila moja mita 2 juu ya maji, wanasikizana kama kilomita 11. Mmoja akiwa na antena ya mita 16 ufukweni, inafika kama 22. Wavuvi wa Kigombe wakichanga wakaweka moja pwani, mtu akae nayo, itawafaa kuliko wati 25 kwenye mashua moja. Vibali vya redio waulizie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kununua.

Fundi umeme, Tanga

Injini yako ya kamba pengine haichaji betri, kwa hiyo hesabu umeme kwanza. Kioo kidogo kinakula kama nusu ampea. Betri kavu ya volti 12, ampea-saa 12, usiitumie kupita nusu, bado unapata saa 12. Ichaji nyumbani au kwa sola ndogo. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya uwe uliopakwa bati. Ule wa nyumbani unageuka kijani ndani ya msimu mmoja. Vyombo vingi ninavyoletewa «vimekufa» ni vizima, kilichooza ni kiungo. Na redio iwekeni mbali na dira, walau mita 1, spika yake ina sumaku.

Mvuvi wa Kigombe

Allah awalipe. Kesho naenda mjini: kioo cha inchi 5 chenye GPS na masafa mawili, redio ya mkononi, betri. Mti wa kufungia jicho ninao. Nahodha, swali moja: nikirudi usiku nifuate tu mstari wa njia niliyotokea?

Nahodha wa Mafia

Ufuate, lakini tazama maji kwanza. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huko kwenu maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Mstari uliouchora maji yamejaa utakupitisha juu ya mwamba yakishakupwa. Kila njia iandikie saa na maji yalivyokuwa. Mlango wa kuingilia Kigombe uchore wakati wa kupwa, mchana, taratibu, kijana mmoja akae omo (mbele ya mashua) na upondo. Na hifadhi ya bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iko hapo hapo kwenu, waombe wakupe tarakimu za mipaka yake uziingize siku hiyo hiyo.