Nyumba ya Mbezi Beach yenye bwawa la kuogelea: nikague nini kabla ya kulipa?

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa watu wanaojua mabwawa, siyo wanaojua kuyapiga picha.

Mimi na mume wangu tumepata nyumba Mbezi Beach, upande wa chini ukielekea baharini. Nyumba yenyewe tumeipenda, hati iko kwa wakili wetu, na mthamini wa benki ameshapita. Kinachoninyima usingizi ni bwawa lililoko nyuma. Lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, kina kinaanzia mita 1.2 na kuishia 1.8. Tulilikuta tupu. Dalali anasema mwenye nyumba alilimwaga makusudi ili wateja waone vigae vizuri.

Niliyoyaona kwa macho yangu: kwenye mstari maji yalipokuwa yanaishia kuna ukoko mweupe umeganda kuzunguka bwawa zima. Upande wa kina kirefu kuna ufa unaoshuka kutoka juu hadi karibu na sakafu. Chumba cha pampu kilikuwa na kufuli, na funguo "anazo kijana wa bustani". Ndani ya bwawa kuna taa mbili.

Muuzaji anataka malipo ya awali kabla ya masika, na bei ameipandisha kwa sababu ya bwawa hilohilo. Nilimuuliza mthamini, akasema yeye ameliandika kama sehemu ya mali, basi. Sasa nani hasa anakagua kitu hiki, na anakagua nini? Watoto wangu bado wadogo, na mama mkwe atahamia kwetu, kwa hiyo usalama nao unanihusu sana.

Kibo_2

Dada, mimi ningelifukia. Maji ya Dar ni ya mgawo, bwawa litakula pesa na muda. Weka kifusi, panda majani, watoto wacheze mpira. Ila kabla ya yote hakikisha bwawa liko ndani ya bikoni za kiwanja na lipo kwenye kibali cha ujenzi. Mabwawa mengi yaliongezwa baadaye bila kumwambia mtu wa manispaa.

FundiMabwawa_Dsm

Dada MamaWawili, umeuliza mapema, na hiyo ndiyo nusu ya kazi. Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Mthamini hakukosea. Kazi yake ni kuiambia benki mali ina thamani gani sokoni. Hapimi mabomba presha wala hafungui pampu. Unayemhitaji ni fundi wa mabwawa anayelipwa na wewe, asiyejuana na dalali, na ambaye hukumwahidi kwamba ndiye atakayefanya matengenezo. Hilo la mwisho lina uzito wake. Fundi anayetegemea kupata kazi ya kukarabati ataona ubovu hata pasipo na ubovu.

Kuhusu bwawa kuwa tupu. Mimi nikikuta bwawa tupu kwenye nyumba inayouzwa, swali langu la kwanza ni lini lilimwagwa na nani aliruhusu. Ukanda wa pwani, hasa chini huko karibu na bahari, maji ya ardhini hayako mbali. Masika yakikolea yanapanda zaidi. Bwawa lililojaa linajishikilia kwa uzito wake, lakini likiwa tupu maji ya chini yanalisukuma juu kama mtumbwi. Linaweza kupasuka sakafu au kuinuka upande mmoja. Ndiyo maana kwenye shimo la kutolea maji sakafuni huwekwa vali ndogo inayoruhusu maji ya ardhini kuingia ndani badala ya kuinua zege. Waulize kama ipo, na fundi wako aione kwa macho.

Lakini kwa kuwa ni tupu, litumie hivyohivyo kwanza. Shuka ndani na fundi asubuhi wakati jua liko chini, nyufa zinaonekana vizuri. Gonga vigae kwa mpini wa nyundo. Kigae kilichoachana na ukuta kinalia wazi, kama kuna hewa nyuma yake. Tafuta madoa ya kahawia yanayojirudia hata yakisuguliwa: hiyo ni nondo iliyo karibu sana na uso wa zege, imeanza kula kutu. Kama bwawa limekuwa likijazwa maji ya kisima chenye chumvi, jambo hilo huja mapema zaidi. Ufa wako nao una maswali yake. Je, unapita plasta na grauti (saruji ya kati ya vigae) hadi kwenye mkanda wa zege juu na kutokea kwenye sakafu ya nje? Je, kuna mwenzake ukuta wa pili? Je, upande mmoja wa ufa umekaa juu kuliko mwingine? Ukijibu ndiyo kwa yote hayo, hapo hatuzungumzii bwawa tena, tunazungumzia udongo uliozama. Kama ni wa plasta tu, usikutishe.

Halafu mwambie muuzaji alijaze. Usikubali kununua kitu chenye kazi ya kushika maji bila kukiona kinashika maji. Hesabu yake: mita 10 mara 5 mara kina cha wastani 1.5 ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kwa boza la lita 10,000 ni safari zisizopungua saba na nusu. Atalalamika. Mwache alalamike, yeye ndiye aliyelimwaga.

Likishajaa liache litulie siku mbili tatu, maana grauti na plasta iliyokauka inanyonya maji mwanzoni. Hapo ndipo unafanya jaribio la ndoo. Chukua ndoo, itie maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya bwawa ikae imezama sehemu, na usawa wa maji ndani ya ndoo ulingane na wa nje. Weka jiwe ndani isielee. Piga alama ndani na nje. Zima pampu, subiri saa 24, pima. Kisha rudia saa 24 nyingine pampu ikiwa inazunguka. Yaliyopungua ndani ya ndoo ni jua na upepo. Bwawa likipungua kuliko ndoo, tofauti hiyo ni uvujaji. Ikiwa tofauti ipo pampu imezima, shuku ukuta, taa na skima (tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu). Ikiwa inatokea au inaongezeka pampu ikiwaka, shuku bomba linalorudisha maji au vali ya filta.

Na ukiona maji yanashuka halafu yanasimama sehemu moja, angalia kuna nini kwenye usawa huo. Yakisimama usawa wa taa, taa ndiyo inavuja. Bwawa lenyewe limekuonyesha.

Likiwa limejaa, tazama pia mstari wa maji kwenye vigae pande zote nne. Maji hayadanganyi usawa. Kama upande mmoja yamefunika kigae kizima na upande wa pili yamefika nusu, bwawa limeinama, au lilijengwa limeinama.

Chumba cha pampu kifunguliwe ukiwepo. Kusiwe na habari ya kijana wa bustani. Pampu iwashwe, usikilize beringi. Geji ya presha kwenye filta iwe inafanya kazi. Uliza mchanga wa filta ulibadilishwa lini, kwa kawaida ni kila miaka mitano hadi saba. Angalia bomba la kutupa maji wakati vali ya filta iko kwenye kuchuja: linatakiwa liwe kavu. Gasketi ya vali ikichakaa maji yanatoroka hapo taratibu, na watu wanabomoa bwawa wakitafuta ufa ambao haupo.

Umeme usimwachie fundi wa maji. Mlete fundi umeme aliyesajiliwa. Aangalie kama kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, na kama taa za ndani ya maji zinatumia volti 12 kupitia transfoma. Umesema taa ni mbili. Hilo ndilo ningelipa uzito kuliko ufa.

Kibo_2, kufukia ni uamuzi halali, lakini usimwage kifusi tu. Sakafu lazima itobolewe kwanza, la sivyo mvua ikinyesha unakuwa na dimbwi chini ya majani.

Mzee_wa_Kunduchi

Fundi amemaliza upande wa ukaguzi. Mimi nina bwawa la ukubwa huohuo, niongezee upande wa mfuko, maana nayo ni sehemu ya kujua unanunua nini.

Pampu ya nguvu farasi moja na nusu inakula angalau kilowati 1.1. Ukiiendesha saa nane kwa siku ni yuniti 8.8, kwa mwezi kama 264. Kwa bei ya LUKU ya kawaida, shilingi 10,000 kwa yuniti 28 hivi, unatoa zaidi ya 90,000 kila mwezi kwa pampu peke yake. Dawa na mtu wa kusafisha ni juu ya hapo.

Ule ukoko mweupe ni chokaa. Visima vya ukanda wetu vina maji magumu, ardhi yenyewe ni ya matumbawe, na klorini ya unga inayouzwa madukani nyingi ni ya kalsiamu, inaongeza chokaa juu ya chokaa. Kwenye vigae unasuguliwa, hauna neno. Shida ni kwamba chokaa hiyohiyo huenda imeganda ndani ya mabomba na, kama wana mashine ya chumvi (inayotengeneza klorini kutokana na chumvi), kwenye seli yake. Waulize walikuwa wanajaza maji gani. Likishajazwa peleka sampuli ipimwe: kipimo cha asidi (pH) kiwe kati ya 7.2 na 7.6, klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na ugumu usizidi 400 hivi.

Chumba cha pampu wakikuwekea madumu ya asidi na klorini pamoja, ondoa siku ya kwanza. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu.

Msafiri_Houston

Dada, niko Texas, huku nyumba zenye mabwawa ni za kawaida. Mkaguzi wa nyumba halazimiki kuligusa bwawa, ni kipengele cha ziada unachokiomba na kukilipia. Kinachotusaidia ni kwamba mnunuzi hulipa pesa kidogo apate siku chache za kujitoa bila kutoa sababu, na ukaguzi wote unafanyika ndani ya siku hizo. Mwambie wakili wako aandike kitu cha namna hiyo kwenye mkataba: malipo ya awali yarudi yote bwawa likishindwa jaribio, na gharama ya matengenezo ipungue kwenye bei kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya dalali usiisafirie.

MamaWawili

Nimerudi wakuu, na ninawashukuru sana. Wakili aliandika kifungu, muuzaji akanuna kidogo kisha akakubali kujaza.

Ufa: fundi alishuka kabla ya kujaza, akasema umeishia kwenye plasta, mkanda wa zege juu ni mzima. Bwawa lilipojaa akadondosha rangi karibu na ufa maji yakiwa yametulia, rangi haikuvutwa. Vali ya sakafuni ipo. Mstari wa maji uko sawa pande zote.

Ndoo: pampu imezima, ndoo milimita 6, bwawa milimita 6. Pampu inawaka, ndoo 6, bwawa 21.

Umeme ndio umetushtua. Taa zote mbili zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, hakuna transfoma, hakuna kifaa cha kukata. Watu walikuwa wanaogelea humo.

FundiMabwawa_Dsm

Milimita 15 kwenye eneo la mita za mraba 50 ni lita 750 kwa siku, karibu nusu lita kwa dakika. Na zinapotea pampu ikiwaka tu. Kabla hujaruhusu mtu achimbe, nenda ukatazame bomba la kutupa maji.

Taa zizimwe kabisa kwenye saketi breka leo, na mtu asiingie majini mpaka zibadilishwe. Hilo liwe sharti la mauzo, lisiwe la kupunguziana bei.

MamaWawili

Nimetoka huko sasa hivi. Bomba la kutupa maji linatiririsha uzi mwembamba vali ikiwa kwenye kuchuja. Kwa hiyo ni gasketi!

Muuzaji amekubali kubadilisha taa na nyaya kabla ya sahihi, na fundi umeme wetu ndiye atakayekagua. Mchanga wa filta hakuna anayekumbuka ulibadilishwa lini, tumeukata kwenye bei pamoja na gasketi. Limebaki moja: uzio. Sasa hivi bwawa liko wazi, mlango wa jikoni unatokea moja kwa moja. Urefu gani?

Mzee_wa_Kunduchi

Usipungue mita 1.2, uzunguke pande zote nne, ukuta wa nyumba usihesabiwe kama upande mmojawapo maana mlango wa jikoni ndio watakaopitia. Nondo za kusimama, zisiwe za kulala, watoto wanazipanda kama ngazi. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10. Geti lifungukie nje, lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu wasikofika. Viti na vyungu vya maua viwe mbali na uzio. Uzio uwe umesimama kabla hamjahamia, mwanangu, siyo baada.