Mrejesho: nobu ya gia ya Starlet

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza ninunue nobu gani ya gia (kile kichwa cha fimbo ya gia unachokishika) kwa Toyota Starlet yangu ya gia za mkono, baada ya ile ya kiwandani kuchubuka hadi namba hazisomeki. Naleta mrejesho.

Mliosema nipime tredi (hesi za kufungia nobu kwenye fimbo) kwanza mliniokoa. Fimbo ya gia yangu ni milimita 12 kwa 1.25 (unene kwa nafasi kati ya hesi), na ile niliyoipenda dukani ilikuwa 10 kwa 1.5, ya Honda. Muuzaji alitaka kuniwekea adapta ya plastiki, nikakataa. Nobu inayocheza mkononi inakera kila ukibadili gia.

Nimechukua ya chuma, ya duara, tredi ileile ya Toyota. Uzito wake unausikia kabisa: kutoka namba 2 kwenda 3 mkono unasindikiza tu. Ila ukiegesha juani saa saba mchana hapa Dar, haishikiki! Sasa naifunika kwa kitambaa.

Kuhusu gia kukwaruza ikiingia namba 2, bado inakwaruza. Hiyo ni sinkronaiza (kifaa cha ndani ya giaboksi kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), nobu haiwezi kuitibu. Wiki ijayo fundi anashusha giaboksi. Asanteni sana.