Mkono wa baba unatetemeka, MRI iko safi, sasa wanataka picha nyingine ya ubongo. Ya nini?

BintiFundi

Salaam wadau. Baba ana miaka 71, fundi cherehani wa siku nyingi pale Ngamiani, Tanga. Tangu mama afariki nakaa naye huku Leicester. Mwaka jana nikaanza kuona kidole gumba cha mkono wa kulia kinasuguana na cha shahada kila anapokaa, kama mtu anayevuta tasbihi. Nikajua anadhikiri. Siku moja nikaiona tasbihi yenyewe iko mezani.

Halafu daftari lake la vipimo. Bado anawashonea majirani kanzu. Kurasa za zamani tarakimu zake ni kubwa, zimesimama. Za mwaka huu zinaanza vizuri, zikifika mwisho wa mstari zimekuwa sisimizi.

Daktari wa kwanza akasema uzee. Wa pili, bingwa wa mishipa ya fahamu, akampeleka MRI, ikatoka safi. Sasa anataka achomwe sindano yenye mionzi, angoje, apigwe picha nyingine inayoitwa DaTSCAN. Baba ananiuliza, "Kama ubongo mzima, wanatafuta nini tena?" Sina jibu. Na nina mtoto wa miezi minane, kila jioni analala kifuani kwa babu yake. Kuna aliyepitia hii?

Kibo_Mionzi

Pole dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Ndiyo kazi yangu, nipo hospitali moja huku huku Uingereza.

Mwambie hivi: MRI ni kuipiga picha cherehani. Utaona gurudumu, mkanda, sindano, vyote vipo. Kama uzi wa bobini umekwisha hutajua.

Chini ya ubongo, kwenye shina lake, kuna seli zinazotuma nyuzi hadi eneo linaloratibu mwendo, na huko zinamwaga dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe wa mwendo. Kwenye ncha za nyuzi hizo kuna vilango vya kuirudisha dopamini ndani. Dawa atakayochomwa, ioflupane, hunasa kwenye vilango hivyo ikiwa imebeba iodini 123, na kamera inasoma mionzi inayotoka. Ncha zikifa, vilango vinakwenda nazo, na pale panabaki giza. Kwa mtu mzima wa afya tunaona koma mbili, moja imegeuzwa kama kwenye kioo. Parkinson, ugonjwa unaoziua seli hizo, ukianza, koma inapoteza mkia, inabaki nukta. Mara nyingi upande mmoja hutangulia, ule ulio kinyume na mkono unaotetemeka.

Siku yenyewe: kwanza atapewa dawa ya kuizuia tezi ya shingoni isinywe ile iodini. Sindano, kisha mnangoja kwa muda wa saa tatu hadi sita (beba chakula, na charja ya simu). Picha ni dakika 30 hadi 45 amelala chali. Mkono ukitetemeka haidhuru, kichwa ndicho kisitikisike.

Mtoto: nguvu ya iodini hiyo inapungua nusu kila saa 13. Mzee anywe maji mengi, aende chooni mara kwa mara. Kumpakata mtoto siku hiyo fuateni karatasi ya hospitali. Mimi ningempumzisha babu jioni moja.

Mtajieni daktari KILA dawa anayotumia. Zipo zinazoharibu picha, jamii ya amfetamini mojawapo, na mirungi ina kitu cha ukoo huohuo. Nyingine zinaleta mtetemeko zenyewe, kama haloperidol ya wagonjwa wa akili, au metoklopramidi ya kichefuchefu. Hapo picha hutoka nzuri, na tatizo ni dawa.

Swali langu: anasikia harufu vizuri? Usingizini anatulia?

MtuWaHai

Naomba nipingane kidogo na watu wa mashine. Baba yangu, Bomang'ombe, hakupigwa picha yoyote. Daktari alimtembeza koridoni, akatazama mkono usioyumba, akamwambia agonganishe vidole haraka, akamkunja kiwiko. Akampa levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, na baada ya wiki chache mzee akafunga vifungo vya shati mwenyewe. Wilaya yetu watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa huu, na wengi waliowakuta nao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Hao walikosa mtu wa kuwatazama tu.

Kibo_Mionzi

Mkuu, hatupingani. Dalili zikiwa wazi kama za mzee wako picha haina kazi. Hii ni ya pale daktari anapositasita kama ni Parkinson au mtetemeko mwingine usiogusa dopamini. Na ina mipaka: magonjwa mengine ya ukoo wa Parkinson nayo yanafuta mkia wa koma, picha haiyatenganishi.

DawaZaBibi

Mpeni upupu. Mbegu zake zinatibu hiyo kitu.

Kibo_Mionzi

Usimcheke huyu. Mbegu za upupu zina levodopa kweli. Ila kiasi gani kwenye kijiko chako hakuna ajuaye, na akichanganya na vidonge atazidisha. Mzee asipewe bila daktari.

BintiFundi

Kibo, umenishtua. Mama alihamia kitanda cha pili miaka mingi nyuma, akisema mzee anapigana ndotoni. Aliwahi kuirusha chemli ukutani huku amelala. Na mwezi wa Ramadhani samaki waliungua jikoni, yeye amekaa palepale, hakusikia kitu.

Kibo_Mionzi

Ndiyo hayo. Mkono ukianza kutetemeka, sehemu kubwa ya zile ncha imeshakwenda. Utafiti wa Parkinson uitwao PPMI, ulioanza 2010 kwa fedha za mfuko wa Michael J. Fox, mwigizaji mwenye ugonjwa huu, unawafuatilia pia watu waliopoteza harufu au wanaopigana usingizini hata kabla ya kutetemeka, na picha hii hii ni mojawapo ya vipimo vyao.

BintiFundi

Narudi na majibu. Tumeonyeshwa picha. Kulia koma ipo, imefifia kidogo. Kushoto nukta. Daktari akageuza kioo cha kompyuta ili mzee aone. Baba akavaa miwani, akasogea karibu, akatazama kama anavyotazama mshono wa mwanafunzi wake.

"Upande huu uzi umekatika," akasema. Kisha akauliza kama vidonge anaanza leo au kesho, maana ana kanzu mbili za watu hazijafungwa shingo.